Mwalimu, Ng'ombe Hajapatikana

Laurencia alitangaziwa msiba wa nusu saa yake akiwa mstarini, Jumatatu asubuhi, tumboni ana kikombe kimoja cha uji na soksi zimelowa umande.

"Kuanzia wiki ijayo," alisema Mwalimu Fabian, mwalimu wa nidhamu, "ile nusu saa ya muziki wa kantri kila Jumamosi inafutwa. Tutasikiliza taarifa ya habari ya Kiingereza. Nimepokea malalamiko."

Lalamiko lilikuwa moja tu, na mwenye nalo alikuwa amesimama kwenye mstari wa kidato cha tatu, sweta lake la shule likiwa bado halijatoka vipele. Aliitwa Asmaa, binti wa Zaidi mwenye duka la vifaa vya ujenzi Karatu mjini. Alikuwa amehamia pale wiki mbili tu, kwa hiyo alikuwa njuka, cheo anachopewa kila mgeni wa bweni na ambacho hakina mshahara wala heshima. Jumamosi iliyopita, wimbo wa kwanza ukiwa haujafika katikati, njuka huyo alisimama bwaloni akasema kwa sauti ya kuuzia misumari, "Jamani, huyu mzungu kabanwa kidole na mlango? Si mumfungulie!" Bwalo zima likaangua kicheko. Akatoka. Nusu ya bwalo wakatoka nyuma yake.

Laurencia alikuwa Waziri wa Burudani, kidato cha nne. Uwaziri huo aliupata baada ya kumvalisha mbuzi wa jikoni tai ya shule na kumwingiza kwenye kipindi cha Uraia, ambako mnyama yule alikaa dakika kumi na mbili bila kuulizwa swali. Walimu waliona ni heri mtu wa namna hiyo apewe wizara kuliko aachwe huru. Naye aliitumikia wizara yake kwa uadilifu mkubwa: saa nzima ya Jumamosi aliwapa wenzake muziki wanaoutaka, na nusu saa, saa kumi hadi kumi na nusu jioni, aliipiga kantri. Hiyo ilikuwa yake. Kwao ni Oldeani, kwenye mashamba makubwa ya kahawa, na tangu kidato cha kwanza alikuwa ameitwa mshamba, mkata miti, mtoto wa trekta. Angeweza kuficha anakotoka, kama wenzake wengi walivyofanya. Yeye aliamua kuipiga Oldeani kwenye spika.

Akanyoosha mkono. Mstarini mkono haunyooshwi.

"Mwalimu, naomba kukata rufaa."

Wanafunzi mia nne wakageuza shingo.

"Rufaa ya nini?"

"Mlalamikaji ni mmoja, mwalimu. Nipewe Jumamosi moja na mlalamikaji huyohuyo. Asmaa akikaa nusu saa nzima bila kutoka, kipindi kinabaki. Akitoka, mimi mwenyewe ndiye nitakayewasha taarifa ya habari, na nitaisikiliza nimesimama wima."

Mwalimu Fabian alikuwa mtu anayependa sana kuonekana anatenda haki, hasa mbele ya watu mia nne. "Sawa," akasema. "Nusu saa. Saa ya bwaloni ndiyo itakayopima."

"Mimi sijaulizwa," Asmaa alinong'ona.

"Njuka haulizwi," akajibiwa na mstari mzima.

*

Habari zilisambaa kabla ya chai ya saa nne, na shauri likageuka kuwa la kitaifa: mtu asiyejua kantri aanzishwe na wimbo upi?

Valeriani, mpishi, alikoroga makande kwa mwiko mrefu kama kasia la mtumbwi akasema aanzishwe na wimbo wa huzuni kuliko zote. "Mtu akishalia, mwanangu, haondoki. Anaona aibu kutembea na machozi." Vedasto, mwenzake Laurencia wa kidato cha nne, alisema aanzishwe na wa kuchezeka, asijue kinachomtokea. Parmuat, mlinzi wa getini, alifikiri muda mrefu, akahamisha rungu kutoka bega moja kwenda lingine, akauliza, "Katika hizo nyimbo, ng'ombe wapo?"

"Sijui, mzee wangu. Nadhani wako nyuma huko, hawaimbwi."

"Basi mgonjwa wako huyo hana dawa," alisema Parmuat.

Vedasto alikuwa na njia nyingine. "Tufunge mlango. Komeo la nje ninalo. Akitaka kutoka, atatokea wapi?"

Kwa mtu aliyemvalisha mbuzi tai, hilo lilikuwa jambo la kuvutia mno. Laurencia alilitazama lile komeo kwa hamu. Kisha akalirudisha.

"Hapana. Akibaki kwa sababu ya mlango, mlango ndio utakaokuwa umeshinda. Nataka abaki yeye."

Jumatano alimfuata Asmaa bombani, akamkuta anafua. Wizara ilikuwa na spika ndogo ya mkononi na flashi yenye nyimbo nane, zote za mwimbaji mmoja. Zilitoka kwenye kanda ya babu yake, na fundi redio wa Karatu ndiye aliyezihamisha. Laurencia akauchagua ule mzuri kuliko zote, wa mwisho, wenye fidla inayorukaruka na watu wanaopiga makofi nyuma. Akaeleza kwa kirefu, kama mwalimu wa Jiografia, jimbo alikotoka mwimbaji, aina ya gitaa, na tafsiri ya kila beti: mtu amekaa barazani kwake, jua linachomoza, anafurahi.

Asmaa alikamua sketi. "Nimesikia, dada. Sasa anafurahia nini?"

"Jua."

"Jua! Sisi hapa kila siku tunaliona na hatupigi makofi." Akaitundika sketi kwenye senyenge. "Dada Laurencia, sikukatai. Lakini wewe mwenyewe unavyoeleza ni kama unasoma maelekezo ya dawa ya minyoo. Wewe huu wimbo unaupendea nini? Sema kweli."

Laurencia alizima spika. Jibu la kweli alikuwa nalo, ila alikuwa amelificha tangu kidato cha pili, siku Kiingereza chake kilipokomaa.

Jibu lilikuwa hili. Babu yake, ambaye nyumbani humwita Aako kwa Kiiraqw, jina lake Lazaro, aliendesha trekta kwenye shamba la kahawa kwa miaka thelathini na moja. Kanda ile aliachiwa na fundi mitambo mmoja, na kila msimu wa kukausha kahawa aliipiga kwenye redio, trekta ikiwa imeegeshwa kando ya vitanda vya waya ambako watu hukaa kuchambua punje mbaya. Mikono inafanya kazi, masikio hayana kazi. Hakuna aliyejua Kiingereza cha kumtosha. Basi Aako Lazaro alisikiliza sauti ya yule mtu, anavyoguna na anavyonyamaza, akaamua kwamba hawezi kulia vile kwa jambo dogo. Ni ng'ombe. Na kwa kuwa kanda inakwenda kwa mfuatano, nyimbo zote nane akazifanya hadithi moja ya mtu mmoja na ng'ombe mmoja. Lile gitaa linaloteleza, linalovuta sauti ndefu kama haina mfupa, alisema ni ng'ombe mwenyewe analia kwa mbali. Oldeani nzima ilikubali. Hadi leo wako watu wazima, wazazi wa watu, ambao hawasalimiani vizuri kwa sababu ya ng'ombe huyo.

Laurencia alikua akiamini hivyo. Kidato cha pili akasikia maneno yenyewe, akakuta hakuna ng'ombe hata mmoja. Kuna treni, kuna baa, kuna mwanamke aliyechoka. Aliona aibu kwa niaba ya ukoo mzima, akaizika ile hadithi, akaanza kutangaza majimbo.

"Si ungeanza mwanzo?" alisema Asmaa, akibeba ndoo. "Umenionyesha mtu anacheka. Sijui alilia lini."

*

Tatizo lilikuwa kwamba Laurencia aliukumbuka wimbo wa mwisho tu; mwanzo alikuwa ameusahau. Flashi ilikuwa imezipanga nyimbo kwa herufi, kila wimbo umekaa mahali pasipo pake. Alhamisi jioni Laurencia alikwenda getini. Simu kwa mwanafunzi ni kosa la kurudishwa nyumbani. Parmuat hakuwa mwanafunzi.

"Ni ya nini?" aliuliza mlinzi.

"Ni ya ng'ombe, mzee wangu."

Parmuat akaitoa simu mara moja, na yeye mwenyewe akaenda kutazama barabara.

"Shikamoo Aako."

"Marahaba. Wamekufukuza?"

"Bado. Aako, ile kanda, upande wa kwanza unaanza na upi?"

Mzee akaanza kuvumisha kwa pua, polepole, kama trekta inayowashwa kwenye baridi. "Huo. Wa asubuhi. Ng'ombe bado yuko zizini."

"Halafu?"

Akavumisha zote nane, moja baada ya nyingine, na salio la Parmuat likawa linayeyuka. Laurencia aliandika mfuatano kiganjani.

"Na usianze katikati," alisema Aako. "Mgeni huanzishwa kabla ng'ombe hajapotea. Asipomwona akiwa mzima nyumbani, akipotea atamwonea huruma ya nini?"

"Aako, unajua kwamba kwenye maneno yenyewe hakuna ng'ombe?"

"Najua. Mzungu wa shambani aliniambia, mwaka wa pili tu."

"Na hukuacha?"

"Niache kwa nini? Yeye alikuwa na maneno. Mimi nilikuwa na kahawa ya kuchambua na watu arobaini." Mzee akakohoa. "Huyo anayekuzuia ni nani?"

"Mwalimu wa nidhamu."

"Mwambie namsalimia," alisema Aako, kwa sauti ambayo haikuwa na salamu hata moja.

*

Jumamosi saa kumi kasoro dakika tano bwalo lilijaa hadi madirishani. Laurencia alikuwa amemwomba Valeriani kitu kimoja: gunia la maharage ya wiki, ambayo kwa kawaida huchambuliwa Jumapili. Akamimina fungu mbele ya kila meza. "Hakuna kukaa bure katika wizara hii," alitangaza. "Mawe kushoto, yaliyotobolewa kulia."

Mwalimu Fabian aliketi mbele kabisa, chini ya saa ya ukutani, miguu imepishana. Asmaa aliwekwa katikati kama mshitakiwa, na lundo lake la maharage.

"Ndugu wananchi," alisema Laurencia, "leo sitawaambia huyu mtu alizaliwa wapi. Alikuwa na ng'ombe. Mwekundu, pembe moja imeinama. Sikilizeni, ndiyo kwanza asubuhi."

Akabonyeza. Gitaa likaanza taratibu. Vidole vikaanza kutembea kwenye maharage. Hakuna aliyecheka, ingawa wengi walikuwa wamekuja kwa ajili hiyo.

Kabla ya wimbo wa pili akaeleza: rafiki yake alikuwa na mtoto mdogo na hana maziwa. Basi jamaa akamweka ng'ombe wake kwa rafiki, kama wafanyavyo wenye mifugo huku juu. Rafiki akamue, mtoto anywe, samadi iende shambani kwake. Ng'ombe anabaki wa mwenyewe.

"Waliandikishana?" Asmaa aliuliza, kichwa kikiwa bado kwenye maharage.

"Waandikishane nini? Ni rafiki yake!"

"Basi kosa la kwanza hilo. Kwa baba yangu hata toroli halitoki bila sahihi."

"Wewe, huku si dukani!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, kwa lafudhi ya Mbulu.

"Ndiyo maana mnapotelewa!"

Wimbo wa tatu: mvua haikunyesha, rafiki akahama, hakuaga. Wa nne: mwenye ng'ombe anafika na kukuta nyumba tupu, majivu ya moto yamepoa, na ndipo gitaa likateleza, refu, likashuka upande mmoja wa bwalo na kupanda upande mwingine.

"Huyo ni nani?" Laurencia aliuliza.

Dirishani, Parmuat, ambaye hakupaswa kuwa mbali na geti, alishika nondo kwa mikono miwili akasema kwa sauti nzito, "Ni yeye. Analia kwa mbali."

Asmaa aliacha kuchambua. Kisha akakumbuka anatazamwa, akaendelea kwa kasi, mawe akiyatupa kulia.

Wimbo wa tano jamaa aliuliza kijiji kwa kijiji. Wa sita walikutana mnadani, na rafiki akakana, huku mtoto, sasa mkubwa, amesimama kando akisikia baba yake akisema uongo. Hapo bwalo likagawanyika. Vedasto alisimama juu ya benchi kumtetea rafiki: mtoto angekufa! Wa Mbulu wakasema afungwe. Asmaa alipiga meza, maharage yakaruka.

"Mtoto hana kosa! Lakini mtoto ndiye anayejua ng'ombe alipo. Dada, mtoto anasema au hasemi?"

"Wimbo wa saba," alisema Laurencia.

Kengele ikalia.

Ilikuwa kengele yenyewe, ile rimu ya lori inayoning'inia nje ya ofisi, na aliyeishika nondo ya kuigongea alikuwa Mwalimu Fabian. Hakuna aliyemwona akitoka. Saa ya ukutani ilionyesha kumi na dakika ishirini na saba.

Pale shuleni kengele ilikuwa juu ya vyote. Ikilia ukiwa unakula, unaacha. Ikilia ukiwa unasali, unamalizia njiani. Anayebaki ameketi baada ya kengele huandikwa jina, na adhabu yake ni kufyeka uwanja wa mpira. Mwalimu alirudi akasimama mlangoni, daftari mkononi.

"Kengele imelia. Wote nje."

Laurencia alitazama saa, akamtazama mwalimu, akaelewa. Asmaa akitii, atakuwa ametoka kabla ya nusu saa, na ahadi ilisema akitoka, kipindi kimekwisha. Angeweza kupiga kelele kwamba ni hila. Lakini mtu wa hila alikuwa yeye, na kwa mara ya kwanza alijua inavyokuwa upande wa pili.

Mabenchi yakaanza kusogea. Watu wakainuka.

Asmaa hakuinuka.

"Wewe. Jina?"

"Asmaa Zaidi, mwalimu. Unalo, lilitajwa mstarini."

"Umesikia kengele?"

"Nimesikia."

"Mbona umekaa?"

Njuka wa wiki mbili aliokota punje moja ya haragwe, akaigeuza, akaiweka mahali pake.

"Mwalimu, ng'ombe hajapatikana."

Benchi moja likalia tena, safari hii watu wakikaa. Likafuata la pili. Vedasto akashuka kutoka juu ya benchi akaketi. Wa Mbulu wakaketi, wa upande wa rafiki wakaketi, Valeriani mlangoni mwa jiko akaketi juu ya sufuria iliyopinduliwa. Mwalimu Fabian akaandika majina mpaka kalamu ikaanza kukwaruza. Alipomaliza ukurasa wa tatu, saa ya ukutani ilikuwa kumi na nusu na dakika nne.

"Saa ya bwaloni ndiyo inayopima, mwalimu," alisema Laurencia kwa unyenyekevu wa kuogopesha.

Mwalimu alikwenda ukutani, akachomoa flashi na waya wa spika, akauzungusha waya mkononi. "Mmekaidi kengele. Kipindi kimefutwa. Jumatatu jioni wote uwanjani na mafyekeo, kwa muda wa saa tatu."

*

Hivyo ndivyo Laurencia alivyopokonywa nusu saa na kukabidhiwa saa tatu.

Jumatatu upepo wa kutoka kreta ulikuwa unauma masikio. Chini barabarani magari ya watalii yalipanda kuelekea getini Ngorongoro, na wageni walipunga mikono kwa watoto waliokuwa wakifyeka kwa mpangilio wa ajabu. Mistari ilikuwa mirefu. Spika haikuwepo, flashi ilikuwa kabatini kwa mwalimu. Laurencia alisimama kwenye mstari wa mbele, fyekeo begani.

"Wimbo wa saba," alisema. "Usiku, mtoto anatoka nje. Anafungua zizi."

Akaanza kuvumisha kwa pua, kama Aako kwenye simu. Mafyekeo yakashuka pamoja, yakapanda pamoja. Hakuna aliyekuwa na maneno, na hayakuhitajika. Ilipofika mahali pa gitaa, Laurencia akanyamaza kuvuta pumzi, na kutoka mstari wa tatu sauti nyembamba ikateleza, ndefu, haina mfupa, ikapanda mpaka kwenye mikaratusi. Alikuwa Asmaa, macho ameyafumba, kitambaa cha kichwani kimejaa nyasi. Kutoka getini Parmuat akaitikia.

Mwalimu Fabian alikuja akivuka uwanja, koti limefungwa vifungo vyote.

"Nani kaja na redio? Zimeni!"

"Tuzime nini, mwalimu?" aliuliza Laurencia.

Mwalimu aliangalia mikono yao. Mafyekeo. Aliangalia mifuko. Hakukuwa na kitu cha kuzima. Watu mia nne walikuwa wanafanya kazi aliyowapa, kwa bidii ambayo hajapata kuiona, na walikuwa wameingia wimbo wa nane, ule wa makofi. Asmaa aliupiga kwa mpini wa fyekeo.

"Kumbe ndicho alichokuwa anafurahia!" alipaza sauti. "Asubuhi kaamka, kamkuta mlangoni!"

"Na kamba imeshikwa na nani?" Laurencia akauliza.

"Na mtoto!" ukajibu uwanja.

Walimaliza. Mwalimu Fabian alikuwa bado amesimama palepale, nyasi zimemfika kwenye viatu. Alisafisha koo. Alitazama pembeni, kuelekea Oldeani, kama mtu anayekagua hali ya hewa.

"Na yule rafiki," alisema mwisho, kwa ukali wa kutosheleza nidhamu. "Aliyekana mnadani. Hakufanywa kitu?"

Laurencia alifuta jasho, akaweka fyekeo begani, akasimama wima kama alivyoahidi kusimama kwa ajili ya taarifa ya habari.

"Watu wanagombana juu ya hilo mpaka leo, mwalimu. Tutalijadili Jumamosi, saa kumi kamili, bwaloni. Njoo na waya wetu wa spika."